Daraja la kunyanyuka limegoma: dalili na visababishi kwenye bayu za Louisiana

Kusini mwa Louisiana vijiji havikujengwa kuzunguka soko wala uwanja. Vimejipanga mstari mrefu kando ya maji. Bayu ni mto mdogo wa maji ya polepole, na Bayou Lafourche ni mkono wa zamani wa Mto Mississippi. Mlango wake wa juu, pale unapoachana na mto, ulizibwa huko Donaldsonville mwaka 1904, na maji yake ya polepole yanateremka kama kilomita 170 hadi Ghuba ya Meksiko. Karibu njia nzima kuna nyumba, makanisa, maduka na gati za wavuvi wa kamba, kushoto na kulia. Barabara ya LA 1 inafuata ukingo wa magharibi na LA 308 ukingo wa mashariki. Katikati, penye miji kama Larose, Galliano na Golden Meadow, kuna madaraja ya kufunguka. Likigoma moja, mtoto anakwama ng'ambo na shule yake, na mashua inakwama ng'ambo na samaki wake.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayelitegemea daraja la namna hiyo: dereva wa lori anayeshusha mzigo bandari ya Port Fourchon, baharia wa boti inayohudumia visima vya mafuta, mkazi, na fundi anayeitwa usiku. Nitazungumzia zaidi daraja la kunyanyuka wima, lile lenye minara miwili na kipande cha katikati kinachopanda kama lifti. La kuzunguka, linalogeuka kando juu ya nguzo yake, na la kuelea nitayagusa pale yanapokuwa na ugonjwa wa peke yao.

Kwanza, je, ni bovu kweli?

Malalamiko mengi ya "daraja limekwama" si ya ubovu hata kidogo. Kwa kanuni zinazosimamiwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, daraja la kufunguka linapaswa kufunguka upesi na kikamilifu chombo kinapoomba. Magari ndiyo yanayongoja. Dereva mgeni huona huu ni uonevu, msururu wa malori kusimamishwa kwa ajili ya mashua moja iliyochakaa. Lakini lori lina breki. Mashua yenye mkondo nyuma na upepo ubavuni haina, na nahodha akishaingia penye nguzo hana pa kugeuzia.

Kwa hiyo sikiliza kabla ya kulaumu. Honi ndefu moja ikifuatwa na fupi moja maana yake chombo kinaomba kupita, na mwendesha daraja akijibu vivyo hivyo, anafungua. Akijibu kwa honi fupi tano, hafungui, au analifunga lililokuwa wazi. Siku hizi maombi mengi hupita kwenye redio ya VHF, chaneli 13, kwa hiyo ukiwa garini unaweza usisikie chochote ukadhani mtu amelala kibandani.

Kwa upande wa maji nako kuna kungoja kusiko na ubovu. Madaraja kadhaa ya Lafourche yana ratiba ya kutofungulia vyombo kwa saa fulani asubuhi na alasiri siku za shule, ili mabasi yapite. Gari la wagonjwa au la zimamoto likiwa mbioni, chombo husubiri. Na kimbunga kinapokaribia, madaraja hufungwa yabaki chini ili watu wahame. Nahodha anayetaka kukimbizia mashua yake bara asingoje upepo uanze kupiga, kwani daraja likishafungwa kwa dhoruba halifunguliwi kwa kubembelezwa.

Vizuizi vimeshuka, taa nyekundu zinawaka, daraja halisogei

Hii ndiyo dalili ya kila siku, na ndiyo inayopotosha watu zaidi. Macho yote huenda juu kwenye mota na nyaya nene za chuma, wakati kosa, mara nyingi, liko chini kwenye kidude cha ukubwa wa kiganja.

Daraja hufanya kazi kwa hatua, na kila hatua inangoja jibu la hatua iliyotangulia. Taa nyekundu na kengele huanza. Vizuizi vya upande wa kuingilia hushuka. Magari yaliyo juu yanatoka, kisha vizuizi vya upande wa kutokea hushuka. Pini zinazofungia kipande cha kati huchomolewa. Breki huachia. Hapo ndipo mota hupewa umeme. Kila kifaa kina swichi ndogo ya kikomo inayosema "nimefika". Isiposema, kinachofuata hakianzi, hata mota iwe mpya na umeme uwe tele.

Basi swali la fundi si "kwa nini haliendi?" bali "limesimamia hatua ya ngapi?" Nenda kibandani uangalie ubao. Taa ya mwisho iliyowaka ndiyo mpaka, na mkosaji yuko hatua moja mbele yake.

Chukua mfano unaojirudia sana. Kizuizi cha upande mmoja kinaonekana kimeshuka, ila taa yake kwenye ubao haiwaki. Ukienda kukiangalia, unakuta mkono wake umesimama vidole viwili juu ya mahali pake, kwa sababu wiki iliyopita gari liliukwangua na ukapinda kidogo. Kutoka kibandani huoni tofauti, lakini swichi inaiona. Ukifungua boksi la kizuizi unaweza kukuta jambo jingine: nyigu wamejenga ndani, kiota kimekaa juu ya mkono wa swichi, na screw za nyaya zina unga wa kijani wa kutu ya shaba. Hewa ya huku ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na mpira wa kuziba boksi ukikauka, maji hayahitaji mwaliko. Safisha, badilisha mpira, jaribu swichi kwa mkono huku mwenzako akitazama ubao. Usitie mkono humo kabla ya kuzima umeme na kuufunga kwa kufuli yako mwenyewe. Kizuizi hakitakuuliza kama umemaliza.

Kama vizuizi vyote vimejibu, tazama pini. Zikiwa zimebana, kipande cha kati pengine kimekaa vibaya na uzito wake unazilalia. Kulazimisha mota ya pini ni kuiunguza tu. Huwa inatosha kukishusha kipande vizuri zaidi, au kuondoa takataka kwenye viti vyake, na pini inatoka kwa urahisi.

Hapa niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Karibu kila ubao una swichi za kuruka hatua, ili daraja lifanye kazi dharura ikitokea. Ni za dharura. Sehemu ambako mwendesha daraja ameshazoea kuiruka taa ya kizuizi "kwa sababu ile huwa inasumbua", kilichobaki pale si daraja salama, ni bahati tu. Ukiikuta swichi ya kuruka imegeuzwa na hakuna aliyeandika kwa nini, hiyo yenyewe ni dalili. Anzia hapo.

Linanyanyuka kwa kusuasua, au upande mmoja unatangulia

Watu hudhani mota ndizo zinazobeba daraja. Hapana. Kipande cha kati kimening'inizwa kwa nyaya zinazopita juu ya magurudumu makubwa ya minara, na upande wa pili wa nyaya kuna vitalu vizito vinavyokaribia kulingana nacho kwa uzito. Mota inashinda msuguano, upepo na ile tofauti ndogo tu. Kipande huachwa kizito kidogo kuliko vitalu ili kikishuka kitulie.

Kwa hiyo kikianza kusuasua, uliza kwanza: uzito umebadilika wapi? Matope na mchanga vilivyorundikana kwenye mihimili, rangi mpya juu ya rangi kuukuu, kiraka cha barabara ambacho mtu alikitia bila kumwambia fundi wa mitambo. Vitalu navyo vina vishimo vya kuongezea au kupunguzia uzito. Tundu la kutolea maji likiziba, mvua za Louisiana hukijaza kishimo na mizani yote inahama. Ndiyo sababu pia madaraja mengi haya yana sakafu ya wavu wa chuma inayovuma chini ya matairi. Wavu ni mwepesi, maji hayatuami juu yake, na upepo unapita.

Kipimo rahisi ni mkondo wa umeme wa mota. Andika ampea wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, siku isiyo na upepo, ulinganishe na za zamani. Kupanda kukila umeme zaidi ya kawaida na kushuka kukila kidogo, kipande kimekuwa kizito. Ikiwa kinyume, kimekuwa chepesi, na hilo ni baya zaidi, kwa maana kitaanza kukataa kutulia chini. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, acha mizani. Tafuta breki isiyoachia kikamilifu, beringi kavu, au grisi iliyogeuka nta.

Upande mmoja ukitangulia, mfumo husimamisha kila kitu wenyewe kabla kipande hakijabana kati ya minara. Kwenye madaraja yenye mota juu ya kila mnara, sababu kubwa ni mota mbili kutokwenda sawa, au kifaa kinachopima urefu upande mmoja kusoma uongo. Usianze kusawazisha kabla hujaenda kuangalia kwa macho. Ukikirekebisha kipande kilichokuwa sawa kwa kuamini kipimo kilichokosea, sasa ndiyo umekipindisha kweli.

Umeme ukikatika kipande kikiwa hewani, hakianguki. Breki zake hushikwa na springi na huachiwa na umeme, kwa hiyo umeme ukipotea zinabana. Wakazi wenye hofu ya kupita chini kwa mashua wajue hivyo, ingawa bado si busara kupita chini ya daraja lililosimama bila ruhusa ya mwendesha.

Limeshuka, lakini linagonga

Kila lori likipita unasikia kishindo, na mkazi wa nyumba ya karibu anakwambia halikuwa hivyo mwaka jana. Msikilize mkazi. Anayelala mita chache kutoka darajani ni kipimo kizuri.

Kugonga maana yake kona moja haijakaa kwenye kiti chake. Inaning'inia kidogo, tairi linaikandamiza, kisha inaruka. Sababu huwa uchafu chini ya kiti, kiti kilicholika, kipande kilichokuwa chepesi kama nilivyoeleza, au nguzo iliyotitia. Udongo wa delta ni laini na ardhi yenyewe inazama, hivyo la mwisho si jambo la kubuni. Lisipotibiwa, kishindo hicho hulegeza bolti, huvunja swichi na hupasua chuma. Baadaye utakuja kutibu matatizo matano, na yote baba yao ni huyu mmoja.

La kuzunguka linagoma alasiri

Saa ya kugoma ndiyo inayokupa jibu. Likifunguka asubuhi na kukataa saa tisa alasiri ya Julai, chuma kimetanuka na ncha zake zimebana ukingoni. Hili si la Louisiana pekee. Tarehe 8 Julai 2024 daraja la Third Avenue jijini New York lilifunguka likagoma kujifunga kwa sababu ya joto, na ilibidi boti zilimwagie maji. Dawa ya siku ile ni hiyohiyo kwenye bayu: maji mengi, kwa subira.

Lakini likigoma kila mwaka mapema kuliko mwaka uliotangulia, acha kulaumu jua. Kwenye udongo laini kingo husogea polepole kuelekea majini na kula ile nafasi iliyoachwa kwenye ncha. Pima nafasi hiyo asubuhi ya baridi, miaka miwili mfululizo. Ikipungua, mwite mhandisi wa misingi. Fundi wa mitambo hawezi kukusaidia.

Likigoma wakati wowote, baridi au joto, tazama kabari zinazosukumwa chini ya ncha ili kuzibeba daraja linapofungwa. Zikikauka hazichomoki. Madaraja mengi ya aina hii yana njia ya kuyazungusha kwa mkono. Kazi ni ngumu lakini inawezekana, mradi mtu awe ameijaribu kabla ya siku ya dhiki.

La kuelea na majani yake

Daraja la kuelea huvutwa kando kwa nyaya na winchi. Watu wa Mombasa wanaolikumbuka daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 na kuwa na kipande cha kupisha meli, watanielewa haraka. Kwenye bayu, adui mkuu wa daraja la kuelea ni gugu maji, lile lile linaloziba ghuba za Ziwa Victoria. Liko Louisiana tangu mwisho wa karne ya 19, na zulia lake likisukumwa na upepo hadi kwenye pengo, daraja halifungi. Usimwache mwendesha alazimishe winchi. Majani yavutwe kwanza. Kwa nahodha, onyo ni moja: pengo likiwa wazi si ruhusa ya kupita. Ngoja uambiwe kwamba nyaya zimelegezwa hadi chini, la sivyo utaondoka na moja kwenye pangaboi.

Limegongwa, lakini taa zote ziko sawa

Hapa sina utani. Daraja likiguswa na tishari, linafungwa kwa magari na kwa treni hadi lipimwe, hata kama ubao wote unaonyesha salama.

Usiku wa tarehe 22 Septemba 1993, karibu na Mobile, Alabama, tagi (boti ya kusukuma vyombo vya mizigo) iitwayo Mauvilla ikisukuma matishari ilipotea kwenye ukungu mzito, ikaingia Big Bayou Canot na kuligonga daraja la reli. Kipande kilichogongwa kilikuwa kimejengwa ili kiweze kugeuzwa kuwa cha kuzunguka, na hakikuwa kimefungwa imara kisisogee kando. Kikasogea karibu mita moja. Reli zilipinda lakini hazikukatika, na kwa kuwa ishara za reli zilitegemea umeme unaopita ndani ya reli nzima, taa zikabaki kijani. Dakika chache baadaye treni ya abiria ya Sunset Limited ikafika. Watu 47 walikufa.

Mfumo ule haukuharibika. Ulijibu swali ulilowekewa, "je, reli imekatika?", na jibu lilikuwa kweli. Hakuna aliyeuuliza kama daraja liko mahali pake. Kwa hiyo ukisikia kishindo majini, au ukiona tishari limeegemea nguzo, piga simu ya dharura 911 bila kungoja mtu mwingine afanye hivyo. Nahodha naye atangaze redioni papo hapo, hata kama anajua ataulizwa maswali.

Baada ya kimbunga

Kimbunga Ida kilipotua Port Fourchon tarehe 29 Agosti 2021, na upepo wa takriban kilomita 240 kwa saa, matatizo yote ya hapo juu yalikuja kwa mpigo. Umeme ulipotea kwa wiki nyingi sehemu za chini za Lafourche. Huko Lafitte tishari liliparamia daraja la kuzunguka. Bayu zikajaa mashua zilizozama na mapaa ya nyumba.

Mpangilio ninaoupendekeza baada ya dhoruba ni huu, na sababu ya mpangilio ni kwamba pupa ya kuwasha umeme huua vifaa ambavyo maji hayakuviua. Tazama nguzo na viti kutoka kwenye boti kabla hujagusa swichi. Hakikisha pengo halina chombo kilichozama. Fungua makabati ya umeme, na ukiona mstari wa matope ndani, usiwashe, kausha na pima kwanza. Chunguza waya unaopita chini ya maji kati ya kingo mbili, kwa maana nanga za vyombo vilivyokokotwa na upepo huukwangua, na jenereta ya ukingo mmoja haitawasha mota ya ukingo wa pili ikiwa waya umekatika. Ndipo uwashe jenereta, uendeshe hatua moja moja bila gari wala mashua karibu, ukiandika ampea.

Kuna uamuzi mmoja ambao fundi hapaswi kuufanya peke yake: kama daraja linaweza kwenda mara moja tu, libaki juu au chini? Likibaki chini, magari ya wagonjwa na ya chakula yanapita, na mashua zilizokimbilia bara zinafungiwa huko pamoja na riziki ya wenyewe. Likibaki juu, matishari ya vifaa na mafuta yanapita, na ukingo mmoja unakuwa kisiwa. Mimi huelekea kusema chini, mradi lipo daraja jingine lililo wazi kwa maji au mlango mwingine wa kutokea baharini. Lakini waulizwe wote: ofisi ya sherifu, zimamoto, bandari, na wavuvi pia, ambao husahaulika kwa sababu hawana meza kwenye kikao.

Kwa aliye barabarani, piga 511 ndani ya Louisiana ujue daraja lipi limefungwa kabla ya kuondoka, usome na kibao cha uzito, kwani njia ya kuzungukia huenda ikakupeleka kwenye daraja jingine lisilobeba lori lako. Na huko kusini kabisa, pale Leeville, daraja la kunyanyuka lilishaondolewa kazini. Tangu 2009 unapita juu ya daraja refu la kulipia, bila kungoja mashua yoyote.